Tingatinga: Mchoraji wa rangi za baiskeli

Mchuuzi yeyote wa Busia anaijua rangi ya baiskeli. Ni ile nzito, yenye kung'aa, iliyopamba madigadi za boda boda enzi zile vijana walipokuwa wakivusha abiria baina ya Kenya na Uganda kwa nguvu za miguu, kabla ya pikipiki kuwapiku. Rangi hiyo hiyo ndiyo iliyomjengea jina marehemu Edward Saidi Tingatinga.

Alizaliwa mwaka wa 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika, katika familia ya wakulima maskini. Masomo yake yalikuwa machache. Miaka ya 1950 alielekea Tanga kufanya kibarua katika mashamba ya mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu. Mwajiri huyo alipoondoka, Tingatinga alibaki akihangaikia riziki huku na huko. Sisi tuliowahi kuishi katika miji ya watu tunayajua maisha hayo.

Mwaka wa 1968, akiwa na miaka 36, alianza kuchora. Turubai hakuwa nayo. Alitumia vipande vya mbao nyembamba za kupigia dari, pamoja na rangi ya baiskeli ya kopo. Rangi hiyo hukauka polepole, na zikigusana mbichi huchafuana. Kwa hiyo alipaka ubao wote rangi moja, akangoja ikauke, ndipo akaweka mnyama juu yake: chui, tembo au ndege. Kivuli hakuchora. Ukimtazama chui wake kwa mbali, unaona kwanza madoa na rangi zilivyopangwa. Mnyama anakuja baadaye.

Nilipokuwa mwanafunzi uhamishoni nchini Tanzania, niliiona michoro ya aina hiyo nikaidharau, nikidhani ni kazi ya mtoto. Miaka mingi baadaye, nikifundisha Tororo, niliwaambia wanafunzi wachore mnyama mmoja kwa rangi tatu, basi. Hakuna aliyeweza. Huyu aliongeza nyasi, yule jua, na karibu wote wakauchomeka Mwamba wa Tororo nyuma ya ng'ombe. Nilijaribu mwenyewe ubaoni, nikaongeza mti.

Tingatinga aliuzia michoro yake Morogoro Stores, mtaa wa Oysterbay, walikokaa wageni wengi. Bei ilikuwa shilingi chache. Biashara iliposhika kasi aliwaita jamaa na marafiki akawafundisha, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda, Adeusi Matambwe, Casper Tedo na Abdallah Ajaba.

Mwaka wa 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi kimakosa wakimdhania mhalifu anayetoroka. Alikuwa na miaka 40, na alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Aliacha mjane na watoto wadogo.

Wanafunzi wake hawakuweka brashi chini. Mwaka wa 1990 waliandikisha chama cha ushirika kwa jina lake, na leo neno tingatinga, ambalo kwa wengi ni trekta, ni jina la mtindo mzima wa uchoraji. Michoro mingi inayouzwa sasa imesheheni wanyama hadi pembeni, kwa kuwa mtalii hupenda kupata vingi kwa bei moja. Simlaumu mchuuzi. Lakini ile ya mwenyewe, yenye chui mmoja na rangi moja nyuma yake, ni michache, na mingi iko mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Japani.