Gary Kildall: Gwiji wa tarakilishi aliyesahaulika

WENGI wanaotumia tarakilishi wanamjua Bill Gates. Ni wachache wanaomjua Gary Kildall, ilhali ndiye aliyeonyesha jinsi mfumo mmoja unavyoweza kuendesha tarakilishi ndogo za watengenezaji tofauti.

Kildall alizaliwa mnamo Mei 19, 1942 mjini Seattle, Marekani. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Washington mnamo 1972, akafundisha katika chuo cha jeshi la wanamaji mjini Monterey, California.

Mnamo 1974 alibuni CP/M, mfumo wa kuendesha tarakilishi zilizotumia kichakataji cha Intel 8080. Baadaye yeye na mkewe, Dorothy, walianzisha kampuni ya Digital Research.

Tatizo lilikuwa moja. Kichakataji hukifikia kila kifaa, kiwe diski, kibodi au printa, kupitia nambari ya anwani. Kila mtengenezaji aligawa anwani hizo apendavyo. Kwa hivyo, kila mashine mpya ilimlazimu Kildall kuandika upya sehemu za mfumo wake.

Mnamo 1976, alipokuwa akiitengenezea kampuni ya Imsai mfumo huo, alipata dawa. Mambo yote yaliyotegemea mashine, zikiwemo anwani za vifaa, aliyatenga katika sehemu ndogo aliyoiita BIOS. Tangu hapo, mtengenezaji alibadilisha sehemu hiyo pekee. Programu nazo kwa kawaida zilipakiwa kuanzia anwani 256 ya kumbukumbu, hata mashine iwe ya nani.

CP/M ilienea haraka. Hata hivyo, kampuni ya IBM ilipomwendea mnamo 1980, pande hizo mbili hazikuafikiana mara moja, na Microsoft ikapata mwanya. Hatimaye CP/M iliuzwa kwa tarakilishi za IBM kwa dola 240, huku mfumo wa Microsoft, uliofanana nayo sana, ukiuzwa kwa dola 40. Wanunuzi walichagua wa bei nafuu.

Digital Research ilinunuliwa na Novell mnamo 1991. Kildall aliaga dunia mjini Monterey mnamo Julai 11, 1994, akiwa na umri wa miaka 52, kutokana na jeraha la kichwa.

Utajiri ulikwenda kwingine, lakini wazo lake lingali hai. Hadi leo, kazi ya kujua anwani za vifaa huachiwa programu maalum zilizo ndani ya mfumo. Anayeandika programu ya barua au ya hesabu hana haja ya kuzijua.