DAKTARI CHESTERMAN NA WAINFIRMIYE WA YAKUSU

Wengi kati yetu wanasema kama wakipata diplome watasomea uinfirmiye. Basi ni vizuri tujue mutu mumoja aliyefundisha kazi hiyo katika inchi yetu.

Clement Chesterman alikuwa Mwingereza, alizaliwa mwaka 1894. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alitumika kama daktari wa waaskari. Mwaka 1920 misioni ya Wabatisti ilimutuma Yakusu, kando ya muto Congo, karibu na Kisangani (zamani Stanleyville). Huko alikuta ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na nzi tsetse, unamaliza watu.

Daktari ni mumoja, vijiji ni vingi. Kukaa hospitali na kungojea wagonjwa hakukufaa, kwa maana wengi walifika wakati ugonjwa umekwisha kuingia kichwani. Chesterman akaona njia: kufundisha vijana wa pale pale, halafu kuwatuma katika dispensari za vijiji.

Lakini ile kazi haikuwa muchezo. Ilipashwa kutoboa tezi za shingo kwa sindano, kutia maji yake chini ya mikroskopi, na kutafuta kidudu chenyewe. Tena dawa mupya, triparsamidi, iliponyesha wengi, lakini iliweza pia kuharibu macho. Mwenye kupiga sindano bila kuangalia kama mugonjwa angali anaona vizuri, angeweza kumuponyesha usingizi na kumuacha kipofu. Kwa hiyo haikutosha kijana avae nguo nyeupe na kujua majina ya dawa. Ilipashwa mikono yake na macho yake vipimwe pia.

Chesterman alitoa pia kitabu cha kuongoza kazi ya dispensari, ili yule anayetumika mbali na daktari asitumike kwa kukisia.

Aliondoka Yakusu mwaka 1936. Daktari Stanley Browne alikuja nyuma yake, na mafundisho yakaendelea. Mwaka 1974 Chesterman alipewa Uingereza cheo cha Sir, na mwaka 1983 akafariki.

Ndugu wanafunzi, wewe unayefikiri kwenda I.T.M., usiogope egzame, wala usiikopie. Mwalimu anayekukatalia pointi leo anamulinda mugonjwa ambaye kesho atakuwa mbele yako, na daktari hayuko.