Hayati Dkt. John Williamson wa Mwadui na Wakili wa Mwanza

Katika toleo hili la kumbukumbu ya mandir yetu tumeona vema kumkumbuka mtu ambaye hakuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu, lakini ambaye jina lake haliwezi kutengwa na Shinyanga. Huyo ni hayati Dkt. John Thoburn Williamson, mgunduzi wa almasi za Mwadui. Pamoja naye tunamkumbuka hayati Iqbal Chand Chopra, wakili Mhindi wa Mwanza, kwani habari za mmoja hazikamiliki bila za mwenzake.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alisoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill hadi kupata shahada ya udaktari. Katika miaka ya 1930 alikuja Afrika, akafanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zambia, kisha akavuka kuingia Tanganyika. Huku aliajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, kwenye njia ya kutoka Mwanza kuja Shinyanga. Mawe ya Mabuki yalikuwa machache, na kampuni ikakata tamaa. Williamson hakukata tamaa. Aliuchukua mgodi ule uliochoka, akautumia kujipatia riziki huku akiendelea kutafuta.

Yeye aliamini kwamba almasi zilizotawanyika katika nchi ya Wasukuma zilikuwa na chimbuko lake kubwa mahali fulani. Basi akawa anazunguka mbugani mwaka baada ya mwaka, akipimapima changarawe, akiugua malaria, na fedha zikimwishia.

Hapo ndipo tunapomkuta Chopra. Kwa macho ya mfanyabiashara, Williamson wa siku zile hakuwa mtu wa kukopeshwa. Hakuwa na nyumba, shamba wala bidhaa ya kuweka rehani. Dhamana yake ilikuwa elimu yake na neno lake. Chopra alimsaidia kwa fedha na kwa kazi ya sheria, naye akapewa sehemu ya hisa. Sisi tuliolelewa nyuma ya kaunta za maduka tunajua uzito wa uamuzi wa namna hiyo. Wazee wetu, katika biashara ya pamba na ya rejareja, walikopesha na kukopeshwa kwa kuaminiana, na wengi walipoteza. Chopra naye angeweza kupoteza.

Tarehe 6 Machi 1940, wakati vita kuu vya pili vikiendelea Ulaya, almasi ilipatikana Mwadui, kaskazini mashariki mwa mji wetu, mahali palipokuwa na mbuyu. Chini yake palikuwa na mwamba wa kimbalaiti wenye eneo la hekta 146 hivi, mmoja wa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 ilitoka almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Ilipokatwa ilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 ikatiwa katika pambo la kifuani lenye umbo la ua.

Mwadui ikawa mji wenye shule, hospitali na uwanja wa ndege. Williamson hakuoa. Alibishana kwa muda mrefu na wakubwa wa soko la almasi la London, akakataa kuuza mgodi wake. Alifariki Mwadui tarehe 8 Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50, na huko ndiko alikozikwa. Mwaka huohuo warithi wake waliuuza mgodi, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika. Alichokilinda kwa miaka 18 kilibadili mikono kabla mwaka haujaisha.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, mali haina mwenyewe wa kudumu. Lakini imani ambayo mtu mmoja alimwekea mwenzake, wa kabila na dini nyingine, bado inasimuliwa. La pili, utajiri ule ulichimbuliwa kwa mikono ya maelfu ya wafanyakazi, wengi wao Wasukuma na jirani zao, ambao majina yao hayamo katika vitabu. Tukiwasifu wawili na kuwasahau hao, hesabu yetu haitalingana.

Leo vijana wa Geita, Kahama na Kishapu bado wanashika njia kutafuta dhahabu na almasi, wengi bila mtaji. Seva, yaani utumishi usiodai malipo, haiishii katika sadaka mlangoni pa mandir. Kumwamini mtu mwaminifu asiye na dhamana ni seva pia.

Tunawaombea marehemu wote pumziko la amani, na majirani zetu wote heri na baraka.