Marehemu Knute Rockne, Mwalimu wa Mpira

Wazee wetu walituachia neno kwamba mcheza kwao hutuzwa. Lakini wako watu waliocheza ugenini, nao wakatuzwa kuliko wenyeji, hata ugeni wenyewe ukageuka kuwa kwao. Mmoja wao ni marehemu Knute Rockne, aliyekuwa mwalimu wa mpira katika Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Marekani mpaka alipofariki mwaka 1931. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, wala si kwa ajili ya mpira peke yake. Ndani ya maisha hayo limo swali linalowahusu wazazi na walimu wote: je, yafaa kumtia kijana moyo kwa njia yo yote ile, hata kwa njia isiyo ya kweli?

Rockne alizaliwa tarehe 4 Machi 1888 katika mji wa Voss, nchi ya Norwe. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Fundi huyo alikwenda Chicago kwa sababu ya maonyesho makubwa ya mwaka 1893, akapapenda, akawaita mkewe na watoto wamfuate. Knute alikuwa na umri wa miaka mitano tu. Alipokua alifanya kazi ya posta kwa miaka kadhaa, akiweka akiba ili apate kusoma. Hivyo alipoingia chuoni mwaka 1910 alikuwa amekwisha timiza miaka 22, umri ambao vijana wengi huwa wanamaliza masomo yao.

Chuo hicho kipo karibu na mji wa South Bend, jimbo la Indiana. Jina lake ni la Kifaransa, maana yake Bibi Yetu, yaani Bikira Maria. Kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, ndilo shirika lile lile lililofika Uganda mwaka 1958, ambalo padre wake mmoja, Vincent McCauley, aliwekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka 1961. Rockne alikuwa Mlutheri, wala hakwenda huko kwa ajili ya dini. Alisoma kemia, akafaulu kwa sifa mwaka 1914, kisha akawa msaidizi wa Padre Julius Nieuwland, mtaalamu ambaye uchunguzi wake ulifungua njia ya kutengeneza mpira usiotoka katika utomvu wa miti. Mwaka ule ule alimwoa Bonnie Skiles, nao wakajaliwa watoto wanne.

Yafaa tueleze kidogo mchezo wenyewe, maana si huu wa kwetu. Kila upande una watu 11, lakini mpira una umbo la yai, nao huchukuliwa mikononi. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, huwaachia wapinzani. Zamani njia ilikuwa moja tu, kujikusanya pamoja na kusukumana kifua kwa kifua. Vijana wengi waliumia, na mwaka 1905 peke yake wapatao 18 walikufa, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita viongozi wa mchezo huo Ikulu washauriane. Mwaka 1906 sheria zilibadilishwa, mchezaji akaruhusiwa kumrushia mwenziwe mpira aliye mbele yake. Walakini timu kubwa za mashariki ziliidharau njia hiyo kwa muda mrefu.

Wakati wa likizo ya mwaka 1913 Rockne na rafiki yake Gus Dorais walipata kazi Cedar Point, kando ya ziwa Erie. Kila walipopata nafasi walikwenda ufukoni, Dorais akarusha mpira, Rockne akaudaka huku anakimbia. Tarehe 1 Novemba mwaka huo timu yao ilikwenda West Point kucheza na chuo cha maofisa wa jeshi. Wanajeshi walikuwa wakubwa wa miili, wakatazamia mchezo mwepesi. Dorais alirusha mpira mara 17, na mara 14 ukadakwa. Notre Dame ilishinda kwa pointi 35 kwa 13. Vijana wale hawakuibuni njia hiyo, maana wengine walikuwa wamekwisha itumia. Lakini tangu siku ile hakuna aliyeweza kuidharau tena.

Mwaka 1918 Rockne akawa mwalimu mkuu wa timu. Katika wanafunzi wake wa kwanza alikuwako George Gipp wa Michigan, kijana mwenye kipaji cha ajabu cha kukimbia, kurusha na kupiga teke. Hatutaficha kwamba Gipp alipenda kamari na kukwepa masomo. Lakini uwanjani hakuwa na mfano wake, na katika miaka ya 1919 na 1920 timu haikushindwa hata mara moja. Mwisho wa mwaka 1920 alishikwa na ugonjwa wa koo uliogeuka kuwa homa ya mapafu. Dawa za kuua vijidudu zilikuwa bado hazijapatikana. Akafariki tarehe 14 Desemba, umri wake miaka 25.

Baadaye wakaja wale wanne ambao majina yao yangali yanatajwa: Harry Stuhldreher, Jim Crowley, Don Miller na Elmer Layden. Hawakuwa watu wakubwa wa mwili, ila walicheza kama saa iliyotengenezwa na fundi mmoja. Tarehe 18 Oktoba 1924, jijini New York, waliwashinda wanajeshi kwa pointi 13 kwa 7. Mwandishi wa magazeti Grantland Rice akawafananisha na wapanda farasi wanne wa Kitabu cha Ufunuo, na jina hilo likawaganda. Tarehe 1 Januari 1925, huko California, waliishinda timu ya Stanford kwa pointi 27 kwa 10, Layden akiunyakua mpira wa adui mara mbili na kukimbia nao mpaka mwisho.

Msomaji akumbuke pia hali ya nchi wakati ule. Chama cha Ku Klux Klan, kilichowachukia watu Weusi, Wayahudi na Wakatoliki, kilikuwa na nguvu nyingi Indiana. Mwezi Mei 1924 wafuasi wake walikusanyika South Bend, wakapigana na wanafunzi barabarani, ikambidi Padre Matthew Walsh, mkuu wa chuo, kuwatuliza vijana. Ndiyo sababu maelfu ya wahamiaji maskini, ambao hawakupata kukanyaga chuo cho chote, waliihesabu timu hiyo kuwa yao. Rockne mwenyewe aliingia Kanisa Katoliki mwezi Novemba 1925, akabatizwa katika kikanisa kidogo cha magogo kilichopo chuoni. Hakuna aliyemlazimisha, alikuwa amekaa na mapadre na wanafunzi wao miaka 15.

Sasa twafika kwenye lile swali letu. Rockne alikuwa na ulimi wa kuamsha watu, naye hakuuchunga sikuzote. Mwaka 1922, kabla ya mchezo mmoja mjini Atlanta, aliwaambia wachezaji kwamba mwanawe mdogo ni mgonjwa hospitalini, anaomba washinde. Wakashinda. Waliporudi nyumbani, mtoto akaja mbio kuwalaki, mzima kabisa. Mwaka 1926 kosa lilikuwa la namna nyingine: akiona timu ya Carnegie Tech kuwa dhaifu, aliwaacha vijana wake kwa msaidizi, akaenda Chicago kutazama mchezo mwingine. Walipigwa pointi 19 kwa 0.

Tarehe 10 Novemba 1928, jijini New York, timu yake iliyokuwa hafifu mwaka huo ilikutana tena na wanajeshi. Nusu ya mchezo ilikwisha bila mtu kupata pointi. Hapo Rockne aliwasimulia habari za Gipp alipokuwa kitandani akikaribia kufa, kwamba aliomba siku moja, mambo yakiwa magumu, vijana washinde kwa ajili yake. Walitoka chumbani wakilia, wakashinda kwa pointi 12 kwa 6. Wataalamu wa historia hawajakubaliana mpaka leo kama Gipp alitamka neno hilo kweli. Mwaka 1940 habari hiyo ilitiwa katika filamu, na aliyeigiza kama Gipp ni Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani.

Watu wengi huishia hapo. Sisi twaomba tuendelee juma moja zaidi. Tarehe 17 Novemba timu ile ile, ikicheza nyumbani, ilipigwa na Carnegie Tech pointi 27 kwa 7, na mchezo wa mwisho wa mwaka ikashindwa pia. Machozi yaliwapatia siku moja, hayakuwapatia miguu wala maarifa.

Mwaka 1929 ulikuwa tofauti. Uwanja mpya ulikuwa unajengwa, kwa hiyo michezo yote ilichezwa ugenini. Rockne aliugua mishipa ya mguu, madaktari wakaogopa asije akafa, naye akafundisha akiwa katika kiti cha magurudumu. Timu ilishinda michezo yote tisa. Mwaka 1930 ilishinda yote kumi. Hapakuhitajiwa hadithi ya mtu aliyekufa; mwalimu mwenyewe alikuwa mbele yao, akivumilia maumivu, akirudia somo lile lile kila siku mpaka lilipowaingia.

Tarehe 31 Machi 1931 alipanda ndege kwenda California kwa shughuli za filamu. Ndege hiyo, ambayo bawa lake lilikuwa la mbao, ilivunjika angani ikaanguka karibu na Bazaar, jimbo la Kansas. Wote wanane waliokuwamo walikufa. Rockne alikuwa na miaka 43. Alizikwa South Bend siku ya Jumamosi Kuu. Kifo chake kiliwashtua watu hata ndege za mabawa ya mbao zikachunguzwa kwa ukali, na makampuni yakaharakisha kutengeneza ndege za chuma. Hivyo wasafiri wengi walifaidika na msiba ule.

Katika miaka 13 alishinda michezo 105, akashindwa 12, akatoka sare mitano. Twamheshimu kwa kazi hiyo, wala hatumhukumu kwa udhaifu wake. Lakini wazazi na walimu watazame ni lipi lililodumu. Mtoto aliyeamshwa kwa uwongo atauliza siku moja kama na yale mengine aliyofundishwa yalikuwa kweli. Na aliyemwona mkubwa wake akifanya kazi katika shida hana haja ya kuuliza.