Josiah Wedgwood, Mfinyanzi (1730–1795)

Josiah Wedgwood alizaliwa mwaka 1730 katika mji wa Burslem, Staffordshire, nchini Uingereza, akiwa mtoto wa mwisho katika nyumba ya wafinyanzi. Baba yake alifariki mwaka 1739. Miaka michache baadaye mtoto huyo alishikwa na ndui. Alipona, lakini goti lake la kulia liliharibika, na maumivu hayakumwacha kwa zaidi ya miaka 20.

Ieleweke kwamba siku hizo mfinyanzi alilizungusha gurudumu kwa nguvu ya mguu wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo Josiah, ambaye mikono yake ilikuwa myepesi mno, alilazimika kuliacha gurudumu. Akageukia uchunguzi wa udongo, rangi na joto la tanuri. Mwaka 1759 alianza kuandika majaribio yake katika daftari, kwa alama za siri. Katika kazi hiyo ya uvumilivu vilipatikana vyombo vya rangi ya malai vilivyompendeza Malkia Charlotte, vikaitwa kwa cheo chake.

Mwaka 1762 goti liliumia tena akiwa safarini, akalazimika kulala kitandani mjini Liverpool. Daktari aliyemtibu alimjulisha kwa mfanyabiashara Thomas Bentley, ambaye baadaye akawa mshirika na rafiki yake wa karibu kuliko wote.

Tarehe 28 Mei 1768 mguu ulikatwa. Dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana duniani. Mwaka huo huo alifiwa na mtoto wake mchanga, Richard. Hata hivyo aliendelea kujenga kiwanda kipya alichokiita Etruria, na tarehe 13 Juni 1769 kilifunguliwa. Siku hiyo Josiah, mwenye mguu wa mti, aliketi tena penye gurudumu akafinyanga vyombo sita kwa mikono yake. Aliyelizungusha gurudumu alikuwa Bentley.

Mwaka 1787 kiwanda chake kilitengeneza medali ndogo yenye sura ya mtumwa wa Kiafrika aliyepiga magoti katika minyororo, akidai kutambuliwa kuwa mtu na ndugu. Josiah alizigawa bila malipo, akatuma nyingine Marekani kwa Benjamin Franklin. Watu walizivaa kama mapambo, na habari za utumwa zikaingia hata katika nyumba zisizopenda kuzisikia.

Alifariki tarehe 3 Januari 1795. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807.