Mwana wa Mtemi Aliyeshika Jembe

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, lakini mtoto hakudekezwa. Alichunga mbuzi na kulima shamba la mama yake, Mugaya, hadi alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mwaka 1961 aliiongoza Tanganyika kupata uhuru. Mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari, akarudi Butiama kulima, mama yake akiwa bado hai. Kazi aliyofunzwa utotoni haikumtoka.

Segese, dhahabu huahidi utajiri wa haraka, na mzazi anayemkataza mtoto kuacha shule aende machimboni huonekana mkali. Soma Mithali 1:8, 9. Je, umewahi kuwashukuru wazazi wako kwa ukali uliokulinda?