De Havilland: Mwana wa kasisi aliyeipa dunia ndege ya jeti ya abiria

ABIRIA waliotua Entebbe, Uganda, mwanzoni mwa Mei 1952 wakiwa safarini kutoka London kuelekea Johannesburg walikuwa wa kwanza duniani kulipa nauli ya kawaida na kusafiri kwa ndege ya jeti. Ndege hiyo iliitwa Comet. Kampuni iliyoiunda ilikuwa ya Sir Geoffrey de Havilland, mwana wa kasisi aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 70. Miezi 20 baadaye, ndege iyo hiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, na watu wote 35 waliokuwemo wakafa.

De Havilland alizaliwa Julai 27, 1882, karibu na mji wa High Wycombe, Uingereza. Alisomea uhandisi, akaajiriwa kwenye viwanda vya magari, lakini kazi hiyo haikumkaa moyoni. Babu yake mzaa mama alimkopesha pauni 1,000, naye akaanza kuunda ndege pamoja na rafikiye, Frank Hearle. Mkewe, Louise, ndiye aliyeshona vitambaa vya mabawa. Ndege ya kwanza ilivunjika mwishoni mwa 1909 mara tu ilipojaribu kupaa. Ya pili iliruka mwaka uliofuata katika uwanja wa Seven Barrows, na serikali ikainunua kwa pauni 400.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo alisanifu ndege za kivita za kampuni ya Airco, alianzisha kampuni yake mwenyewe mnamo 1920. Alipenda mno wadudu, na ndege yake ndogo iliyompatia sifa, Moth, aliipa jina la nondo. Kenya iliifahamu mapema. Kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi ilianza kazi mwaka wa 1929 kwa kutumia Gipsy Moth, na ni ndege ya aina hiyo iliyoanguka Voi mnamo Mei 1931 na kumuua mwindaji Denys Finch Hatton. Shirika la East African Airways nalo lilianza mwaka wa 1946 kwa Dragon Rapide, ndege nyingine ya de Havilland iliyokuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine.

Mafanikio hayo yalikuja na misiba. Mwanawe John aliuawa mwaka wa 1943 ndege mbili za Mosquito zilipogongana. Mwanawe mkubwa, aliyeitwa Geoffrey kama babake, aliangamia mnamo Septemba 1946 ndege ya majaribio ilipomvunjikia angani. Louise, mama wa vijana hao, alifariki mwaka wa 1949. Ni mwaka uo huo, Julai 27, siku ambayo Sir Geoffrey alitimiza miaka 67, Comet iliporuka kwa mara ya kwanza.

Ndege hiyo, iliyosanifiwa na kundi la Ronald Bishop, ilikusudiwa kuruka hadi futi 40,000 juu. Hewa ya huko ni haba na binadamu hawezi kuishi. Kwa hiyo hewa ilishindiliwa ndani ya chumba cha abiria hadi msafiri akahisi kama yuko kimo cha futi 8,000, karibu sawa na Nyahururu. Hewa hiyo ilisukuma kuta kwa uzito wa zaidi ya tani 5 kwa kila mita ya mraba. Kila safari ndege ilivimba kidogo, kisha ikanywea ilipotua. Wahandisi walilijua hilo, na kipande cha majaribio kilistahimili kuvimba na kunywea mara 18,000. Kasoro ni kwamba kipande hicho kilikuwa kimekwisha kushindiliwa hewa kupita kiasi katika jaribio la awali, jambo ambalo liliiimarisha metali yake kuliko ile ya ndege za abiria. Kipimo kikawadanganya wapimaji.

Baada ya ajali ya Elba ya Januari 10, 1954, ndege hizo zilisimamishwa, zikarekebishwa na kurudishwa angani mwezi Machi ilhali chanzo hakijajulikana. Haraka hiyo haitetewi kirahisi. Aprili 8, nyingine ilitumbukia baharini karibu na Naples na watu 21 wakafa. Wataalamu wa Farnborough wakiongozwa na Arnold Hall waliitumbukiza Comet nzima katika tangi la maji, wakawa wanaijaza maji na kuyapunguza mgandamizo usiku na mchana. Waliyachagua maji kwa kuwa hayalipuki kama hewa iliyoshindiliwa. Baada ya mizunguko 3,000 na ushei, ukuta ulipasuka kando ya uwazi wa mlango wa dharura. Katika ndege ya Elba, ufa ulianzia kwenye kidirisha cha antena juu ya paa. Kila palipokatwa uwazi, metali ya pembeni ilibeba mzigo mkubwa kuliko ilivyokadiriwa.

Funzo hilo halikuishia kwenye madirisha. Wanaounda milango ya ndani ya ndege wanakabiliwa na hewa iyo hiyo. Tangu mashambulizi ya Septemba 2001, mlango wa marubani hutakiwa kumzuia mtu mwenye nguvu na hata risasi. Lakini upande mmoja wa ndege ukitoboka, hewa iliyonaswa upande wa pili yaweza kuung'oa mlango pamoja na ukuta wake, isipokuwa iwepo njia ya kuitoa upesi. Mnamo Januari 2024, kizibo cha mlango kilipochomoka kwenye Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines, mlango wa marubani ulifunguka wenyewe. Ndivyo ulivyoundwa, ila marubani hawakuwa wameambiwa.

Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cohen haukumtwika mtu yeyote lawama. Comet 4, yenye ukuta mnene zaidi, ilianza kazi mwaka wa 1958, lakini Boeing 707 ikaja mwaka uo huo na kutwaa soko. Mnamo 1960 kampuni ya de Havilland ilinunuliwa na Hawker Siddeley.

Sir Geoffrey alifariki Mei 21, 1965, akiwa na umri wa miaka 82, na majivu yake yakamwagwa kutoka angani juu ya Seven Barrows. Wakati huo Comet 4 za East African Airways, zilizonunuliwa kuanzia 1960, zilikuwa bado zikibeba abiria kati ya Nairobi na London.